Kupima Hewa ya Mtaa: Moshi wa Gari ni Upi, wa Jiko ni Upi?

Kifaa cha bei nafuu cha kupimia hewa kitakuambia moshi ni mwingi kiasi gani. Umetoka wapi, hakikuambii. Masizi ya lori la dizeli na moshi wa kuni mbichi vyote kwake ni chembe zinazopita mbele ya leza. Ukitaka kujua nani anaichafua zaidi hewa ya mtaa wako, barabara au majiko, lazima ukisaidie kifaa chako kwa saa, kwa upepo na kwa daftari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo. Nitatumia zaidi mfano wa Manzese, Dar es Salaam, kwa sababu pale vyote viwili vimekaa mlango kwa mlango: mbele Barabara ya Morogoro yenye mabasi ya mwendokasi, malori, bajaji na bodaboda, nyuma yake nyumba zilizobanana ambako mkaa unawashwa kabla hata ya adhana ya alfajiri.

Usianze kwa kununua kifaa. Anza na swali, na liwe dogo. "Hewa ya Manzese ikoje?" ni swali la tume, si la mtu mmoja na kifaa kimoja. Lakini "watoto wa shule iliyo kando ya barabara wanavuta hewa mbaya zaidi saa ya kuingia au saa ya mapumziko?" linajibika. "Mama lishe kwenye kibanda chake anavuta moshi zaidi ya konda anayening'inia mlangoni mwa daladala?" nalo linajibika. Swali ndilo litakalokuambia kifaa kikae wapi, kwa muda gani, na lini umepima vya kutosha. Asiye na swali huishia na faili lenye maelfu ya namba asizojua la kuzifanyia.

Unachopima

Kipimo kinachotajwa sana ni PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi huzioni moja moja. Zikijaa ndipo unaona utusitusi hewani. Hizi ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Huhesabiwa kwa mikrogramu ndani ya mita moja ya ujazo wa hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi 5 na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo wa 2005 ulikuwa umeweka 10 na 25, kwa hiyo ukikuta andiko la zamani linalosema hewa ya mahali fulani ni salama, tazama limeandikwa lini.

Gesi mbili zinafaa kuongezwa ukiweza. Nitrojeni dayoksaidi hutoka zaidi kwenye injini, hivyo ni shahidi mzuri dhidi ya barabara. Kaboni monoksaidi ni shahidi wa mkaa, ingawa si mwaminifu sana, maana injini za petroli nazo huitoa. Mkaa uliokolea una tabia ya kudanganya macho: moshi hauonekani, mpishi anaona jiko lake ni safi, kumbe gesi hiyo inamwagika. Haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Kama katika kupima kwako utamkuta mtu anayeota moto wa mkaa chumbani usiku, acha vipimo kando. Jiko litoke nje kwanza.

Kifaa na kasoro zake

Vihisi vya leza kama SDS011 au PMS5003 vinaenea kiganjani, na kimoja, bila boksi wala betri, hupatikana kwa chini ya dola 50. Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa, leza, na jicho la kupokea mwanga. Chembe ikipita, mwanga hutawanyika, na kifaa hukadiria uzito wa uchafu kutokana na mtawanyiko huo. Kinakadiria, hakipimi. Mashine kubwa za kitaalamu hupima kweli: hewa huvutwa kupitia chujio, chujio likawekwa kwenye mizani kabla na baada, na tofauti ndiyo uchafu. Nyingine hupitisha mionzi ya beta kwenye chujio na kuona imezuiwa kiasi gani. Mashine hizo ni ghali, zinahitaji umeme usiokatika, na ndiyo maana miji yetu mingi inazo chache au haina kabisa.

Kasoro ya kwanza ya kihisi cha leza ni kwamba hakioni chembe zilizo chini ya mikromita 0.3 hivi, na sehemu kubwa ya masizi mapya ya dizeli iko huko chini. Kwa maneno mengine, kifaa chako kinaipendelea barabara. Kumbuka hilo kabla hujamhukumu muuza chapati.

Kasoro ya pili ni vumbi. Chembe kubwa za vumbi la barabara isiyo na lami zinakipita kifaa vibaya, kwa hiyo namba ya chembe kubwa kinayokupa, PM10, usiitegemee. Andika PM2.5 na uachane na nyingine.

Ya tatu ndiyo inayowaumbua watu wa pwani: unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, leza ikaona kitu kikubwa, namba zikapanda bila moshi kuongezeka. Usiku wa Dar es Salaam au Tanga unyevu hupita asilimia 80 mara kwa mara. Kwa hiyo nunua pia kihisi cha joto na unyevu, kifungwe pamoja na kile cha moshi, na saa zote ambazo unyevu umepita 80 zitie alama. Usizifute, zitie alama tu, ili usije ukashangilia kilele cha saa kumi usiku ambacho kwa kweli ni umande.

Ukanda wetu una watu waliokwisha kuhangaika na haya. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ulioanza mwaka 2015, umeunda vifaa vyake wenyewe kwa ajili ya joto, vumbi na umeme wetu wa kukatikakatika, na vingine wakavifunga kwenye bodaboda ili vipime huku vikitembea. Angalia kama kuna kifaa chao au cha chuo kikuu karibu nawe, uombe kuweka chako pembeni yake kwa siku kadhaa. Zamani wengi walikuwa wakilinganisha namba zao na zile za mashine zilizowekwa kwenye balozi za Marekani, lakini Machi 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo iliacha kuzitangaza, kwa hiyo mwongozo wowote unaokuelekeza huko umepitwa na wakati.

Usipopata mashine kubwa, basi nunua vihisi viwili badala ya kimoja. Viweke ubavu kwa ubavu kwa wiki moja au mbili kabla ya kuvitenganisha. Kimoja kikisema 40 na kingine 52 hewa ikiwa ile ile, na tofauti hiyo ikawa ya kudumu, unaijua na unaweza kuirekebisha. Vikipishana ovyo, leo hiki juu, kesho kile, kimoja ni kibovu. Hatua hii inachosha na watu huiruka. Ukiiruka, kila utakachosema baadaye kuhusu "hapa na pale" hakina msingi, kwa sababu hutajua kama ni mahali panapotofautiana au ni vifaa.

Mahali pa kutundika

Nje, pua ya kifaa iwe kati ya mita 1.5 na mita 4 kutoka chini, isikae kwenye kona ya ukuta wala chini ya mwembe wenye majani mazito, na hewa iweze kupita huru. Kilinde na mvua na jua la moja kwa moja. Boksi jeupe lililotobolewa kwa chini linatosha. Kwa swali la barabara, usizidi mita 10 kutoka ukingoni, lakini pia usikae kabisa kwenye makutano ambapo magari husimama na kuunguruma, labda kama makutano yenyewe ndiyo swali lako. Kile cha pili kiweke ndani ya mtaa, mita 200 au 300 kutoka barabarani. Uchafu wa magari hupungua haraka kadiri unavyoondoka kwenye lami. Ndani ya mita mia chache unakuwa umechanganyika na hewa ya mji mzima. Namba za ndani zikilingana na za barabarani au kuzipita, tayari una jambo la kuuliza.

Jikoni kuna utaratibu wake. Tundika mita 1 kutoka kwenye jiko, urefu wa mita 1.5, mahali pua ya mpishi aliyesimama inapofika, na mbali na mlango na dirisha kwa mita 1.5 kama chumba kinaruhusu. Usiweke juu ya sufuria: mvuke wa wali utahesabiwa moshi. Jiko la kuni ndani ya chumba kidogo linaweza kufikisha mamia, hata maelfu ya mikrogramu, kwa hiyo usidhani kifaa kimeharibika ukiona namba kubwa mno. Omba ruhusa, eleza unachofanya, na jina la mwenye jiko lisitokee popote kwenye karatasi zako.

Saa tatu tofauti

Kabla ya kusoma namba, hakikisha unajua ni saa ngapi. Vifaa vingi vinavyotuma takwimu kwa intaneti huandika saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwenye faili imeandikwa 03:00, simu yako ilisoma 06:00, na jirani atakuambia ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Wote watatu wako sahihi. Chagua moja, ligeuze faili zima, na daftari lako litumie saa hiyo hiyo. Makosa ya saa tatu yanatosha kabisa kuugeuza moshi wa majiko ya jioni ukawa wa magari ya alasiri.

Kusanya kila baada ya dakika chache, kisha tengeneza wastani wa kila saa. Saa ambayo imekosa zaidi ya robo ya vipimo vyake, iache. Wiki mbili ndio muda wa chini kabisa kwa swali dogo, na zisiwe wiki mbili za masika. Mvua huosha hewa. Anayepima Aprili peke yake atapata mji safi.

Kutenganisha moshi na moshi

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukichora wastani wa kila saa, karibu kila mahali mjini utapata vilele viwili, asubuhi na jioni. Wapinga magari watasema: tazama, ni foleni. Wapinga mkaa watasema: tazama, ni chai na ugali. Foleni na jiko vinapandisha namba saa zile zile, na kuna mtu wa tatu asiyesemwa, yaani hewa yenyewe. Usiku na alfajiri hewa ya chini hupoa na kutulia, haichanganyiki na ya juu, na moshi kidogo tu unabaki umelala mitaani. Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda, upepo wa bahari huingia, na moshi ule ule unatawanyika. Kwa hiyo namba kushuka adhuhuri si ushahidi kwamba watu wameacha kuendesha au kupika. Nairobi, iliyo juu na yenye baridi kali ya Julai, hali hii ni nzito zaidi. Kampala moshi hupenda kushuka mabondeni na kukaa huko.

Njia ya kwanza ya kuvitenganisha ni siku. Linganisha Jumapili na siku za kazi. Jumapili asubuhi malori ni machache na foleni haipo, lakini watu wanakula. Mara nyingi wanapika zaidi. Kilele cha asubuhi kikiporomoka Jumapili, barabara ilikuwa na mkono mkubwa. Kikibaki pale pale au kikasogea tu mbele kwa saa moja au mbili, tazama majiko.

Mpimaji wa pwani ana bahati ambayo mwenzake wa mahali pengine hana: Ramadhani. Kwa mwezi mzima ratiba ya majiko inahama. Daku inapashwa kabla ya alfajiri, vibanda vingi vya chai na maandazi havifunguliwi asubuhi, na kuanzia alasiri moto unawaka kwa ajili ya futari. Magari asubuhi yanaendelea kama kawaida. Ukipima wiki mbili kabla ya mwezi kuandama na wiki mbili ndani yake, kilele cha saa moja asubuhi kitakueleza mengi. Jioni ni ngumu zaidi, kwa sababu foleni nayo husogea, kila mtu akikimbilia nyumbani kabla ya magharibi. Unguja, mahali ambapo wanaofunga ni wengi zaidi, tofauti itakuwa wazi kuliko Dar es Salaam.

Njia ya pili ni upepo. Manzese kwa sehemu kubwa iko upande wa kaskazini wa Barabara ya Morogoro. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, unauchukua moshi wa barabara na kuusukuma mtaani. Wakati wa kaskazi unageuka, na kifaa chako kilicho barabarani kinapokea moshi wa nyumba. Kwa hiyo vifaa viwili vile vile, pale pale, vikiachwa misimu yote miwili, vitabadilishana kazi bila wewe kugusa kitu. Huna kipima upepo? Kitambaa chepesi kwenye mti na kuandika mwelekeo asubuhi, mchana na jioni kinatosha kuanzia.

Njia ya tatu ni daftari. Andika umeme ulipokatika na jenereta kuwashwa. Andika jirani alipochoma taka. Andika mvua, msiba wenye sufuria kubwa za kuni, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani kama kifaa kiko ndani. Nyumbani, andika dakika ya kuwasha jiko: moshi mwingi wa mkaa hutoka pale unapowashwa, hasa kwa wenye kutumia mfuko wa plastiki au mafuta ya taa kuamsha moto. Mstari mmoja wa daftari unaweza kueleza kilele ambacho ungekipigia kelele wiki nzima.

Ukipata msaada wa maabara ya chuo, kuna mambo mawili zaidi. Vibomba vya kupimia nitrojeni dayoksaidi havitumii umeme: ndani vina wavu uliopakwa kemikali, unavitundika wiki mbili hadi nne, unavifunika na kuvipeleka. Weka vitano kwa mstari kutoka barabarani kuelekea ndani ya mtaa, na utaona barabara inafika wapi. Maabara yenye uwezo zaidi inaweza kuchunguza chujio: kuni zikiungua huacha levoglukosani, sukari inayotokana na selulosi, ambayo dizeli haina, na kaboni ya mafuta ya petroli haina kabisa kaboni-14, kwa kuwa ilizikwa zamani mno, ilhali ya mti uliokatwa juzi inayo. Hata kwa macho, chujio lililojaa moshi wa kuni huelekea kahawia, na la dizeli ni jeusi tii.

Kusoma na kusema

Kosa linalofanywa kila siku ni kuchukua namba ya dakika moja na kuilinganisha na kikomo cha saa 24. Tuseme usiku saa 8 zina wastani wa 20, asubuhi saa 4 zina 60, mchana saa 8 zina 15, na jioni saa 4 zina 55. Jumla ni 740, ukigawa kwa 24 unapata karibu 31. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 15, nayo imezidi mara mbili. Huhitaji kutaja namba ya dakika moja, tuseme 180, iliyoonekana lori lilipopita.

Rangi za programu za simu nazo zisikuvuruge. Mpaka wa rangi ya kijani, yaani hewa nzuri, katika kipimo cha Marekani ulikuwa 12, na tangu 2024 ni 9, kwa hiyo hewa ile ile imebadilika rangi bila kubadilika. Andika mikrogramu.

Ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa mazingira, nenda na karatasi moja: mchoro wa saa 24, mahali palipopimwa, tarehe, na mstari unaosema kifaa ni cha bei nafuu, hivyo namba ni za kulinganisha na si za mahakamani. Kusimamia kikomo cha kisheria, na mashine za kukithibitisha, ni kazi ya mamlaka za mazingira za serikali. Binafsi naona namba za mtaa zinafaa zaidi kuchagua la kufanya kuliko kutafuta wa kushtaki. Anayepika kwa mkaa ndiye wa kwanza kuuvuta.

Wakati huu una nafasi nzuri. Tanzania imezuia kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kuanzia Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Shule fulani karibu nawe inahamia gesi au itahamia. Omba kupima jikoni na uani wiki mbili kabla ya kuhama, kisha rudi mwaka unaofuata mwezi ule ule, siyo mwezi mmoja baadaye, ili mvua na upepo visiingilie. Na kabla ya kurudi, viweke tena vihisi vyako viwili ubavu kwa ubavu. SDS011 imekadiriwa kudumu saa 8,000, ambazo ni pungufu ya mwaka mmoja ikiwaka mfululizo, na kihisi kinachochoka hakikuagi: namba zinaanza kwenda kombo taratibu, na shule inaweza kuonekana imebadilika kumbe kilichozeeka ni leza.